Maji Niliyoyarudisha Shimoni

Kakuma, Jumapili jioni

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye joto. Goti linaendeleaje? Ng'ombe mweusi ameshazaa? Mimi ni mzima, ila jua la huku limenifanya mweusi kuliko wewe, kwa hiyo huwezi kunicheka tena.

Ulipokata simu sikukasirika, niliumia tu. Uliniomba niongoze sala kwenye kumbukumbu ya Mama, nikakataa kwa sababu sina hakika kama Mungu yuko. Ukauliza, basi hicho kinachonisuta nikikosea amekiweka nani? Nikajibu kwa kiburi kwamba ni wewe na Mama, kwa fimbo. Jibu hilo sasa linanikera mwenyewe.

Wiki jana mimi na Ekai, fundi mwenzangu, tulitoka Lodwar kwenda kutengeneza pampu upande wa Namoruputh. Mpira wa rejeta ya gari ukapasuka, maji yote yakamwagika. Tuliufunga, kisha tukatafuta maji kwenye mto mkavu, tukakuta shimo lililofunikwa kwa miiba. Huku shimo la mchangani ni la aliyelichimba. Mpita njia akinywa hakuna neno, lakini kumaliza maji ya mbuzi wa mtu ni wizi. Tulikunywa. Kisha nikajaza jerikeni kwa ajili ya gari, shimo likabaki tope. Hapakuwa na mtu popote. Nilikuwa nimeshainyanyua jerikeni, nikarudi, nikayamimina maji mle mle. Tukakaa juani hadi mwanamke mmoja alipofika na mbuzi wake. Aliwanywesha, akangoja maji yajikusanye tena, akatujazia jerikeni mwenyewe huku akitucheka.

Njiani nikamuuliza Ekai kama angenizuia.

“Mimi nilikuwa nangoja. Ungebeba, ningemwaga,” akasema.

“Kwani unamwogopa Akuj?” Ndivyo watu wa huku wanavyomwita Mungu.

“Sijui. Kanisa mimi siendi. Lakini ile maji ilikuwa ya mbuzi, na mimi nilikuwa najua.”

Baba, Ekai hajawahi kuonja fimbo yako. Labda watu wote tulijifunza hivyo kwa kuishi pamoja na kiu, sijui. Lakini siwezi tena kusema ni fimbo tu.

Ila na wewe nisaidie hapa. Kilichonirudisha shimoni ndicho kinachonikataza kusimama penye kaburi la Mama na kusali maneno nisiyo na hakika nayo. Ukisema kile cha kwanza kilikuwa sauti ya Mungu, hiki cha pili utakiitaje?

Nitakuja, nimeshapewa ruhusa kazini. Nitawasimulia watu habari za lile shimo, maana Mama angependa kuzisikia.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na dada yangu mdogo, mwambie viatu nitamletea. Msalimie pia mzee wa kanisa, ambaye najua ataisoma barua hii kabla hujaikunja.

Sala uongoze wewe. Ukinisikia nikiitikia Amina, ujue naimaanisha. Usiponisikia, nishike mkono tu.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Wafula