Majani Ndani ya Kengele

Aabo, baba yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile chako cha soko la Garissa, maana Kisomali chetu hakuna aliyenifundisha kukiandika.

Tangu tukuzike, ngamia wote wamekufa. Jeshi limekataza kuwatoa nje ya seng'enge, na ndani ya kijiji walichotufungia hakuna malisho. Mama mzima, na ubishi wake uleule. Kaka yake amenitumia kengele ya mbao ya yule ngamia wetu wa mbele. Bado ina majani uliyoishindilia tulipohama kutoka Modogashe, wanajeshi wasitusikie.

Huku chuoni, kwenye shahada ya pili, Msomali ni mimi peke yangu. Msimamizi wangu ananiita shifta, yaani jambazi, mbele ya wenzangu, nao wanacheka. Wao wanaingia maabara wakipiga soga, mimi napekuliwa mlangoni. Juzi aliitoa kengele yako mkobani, akaishika kwa vidole viwili, akauliza kama ni bomu. Aabo! Mimi natafiti ugonjwa wa ngamia! Mtu yule hajawahi hata kumshika ngamia kamba.

Nikashtaki. Mkuu wa kitivo akaniita, akaniagizia chai, akaniambia kwa upole nitie saini kwamba nimeyaondoa malalamiko, na shahada nitaipata. Nikikataa, huenda nikafukuzwa. Nikakukumbuka ukinipandisha lori: "Wewe soma bas. Hii ngamia mimi nachunga." Sasa ngamia hawapo, nawe... nawe hupo. Nimebaki na masomo tu, na hayo ndiyo wanayonitishia.

Nikainywa chai yao yote, kisha nikasema sitii saini. Kesho baraza la chuo linanisikiliza.

Wewe ulinyamaza ili utuokoe sisi na mifugo, na mpaka leo nakushukuru. Mimi nikinyamaza namwokoa nani? Msimamizi tu. Na Msomali atakayekuja baada yangu atapekuliwa mlango uleule.

Mungu akurehemu, Aabo, pumzika. Wakinifukuza nitarudi kwa Mama kifua mbele, lakini karatasi yao sitaitia saini, nakuahidi. Leo asubuhi nimeyachokoa majani yako kwa kijiti, yote. Kengele nimeifunga nje ya mkoba. Kesho, kabla sijafika mlangoni, watanisikia nakuja.

Mwanao,
Yusuf