Chupa Iliyobaki Kabatini

Dunda, Bagamoyo

Dada Kuruthumu, shikamoo.

Mvua zimeanza, na muhogo uliotutumia kutoka Kiwangwa ulikuwa mlaini, tumeufaidi.

Ile dawa ya kikohozi uliyotuletea, ukisema umeambiwa kifuniko kimoja kila asubuhi kinachangamsha akili za wazee, mama ilimchangamsha kweli. Aliimba kasida huku akichambua mchele, akaniita "Dija wangu", jina alilolisahau tangu Ramadhani. Siku ya pili yake akaanza kutetemeka, mwili unawaka moto, tukamkimbiza hospitali. Daktari alipouliza anatumia dawa gani, nilitaja vile vidonge vyake vya huzuni tu. Dawa ya kikohozi kwetu nani anaihesabu kuwa dawa? Alipoiona chupa kwenye kikapu changu cha uji akashika kichwa. Akasema vitu hivyo viwili havichanganywi, vingeweza kumuua.

Mama amepona, alhamdulillahi, tuko naye nyumbani. Jana nilimpelekea uji, akajitanda kanga yake vizuri, akaniambia, "Karibu mgeni. Wewe mtoto wa nani?"

Chupa imebaki nusu, imo kabatini. Njoo uichukue, dada, kabla sijamnywesha tena.

Mdogo wako,
Dija