Mashine Iliyonyweshwa Mawese

Rumonge,
Jumatatu, 11 Rajabu 1331
(kwa Wadachi ni Juni 1913)

Mpendwa mdogo wangu Asmani,

Assalamu alaikum. Amani na amahoro ya huku Rumonge yakufikie huko Tabora ukiwa mzima wa mwili na roho. Kile kifua kimepona? Unakula vizuri, au bado unakula umesimama huku gari la moshi likikupigia kelele masikioni? Sisi wote wazima. Mama goti linamsumbua, ila tangu jana tuliporudi amelisahau kabisa, anazunguka uani akiimba.

Nina habari yako, na ni kubwa. Lakini nakujua, wewe ni mtu wa kuruka mistari. Ukitaka kujua kama una mke au huna, soma polepole.

Jumatano mzee Maneno, baba wa Esha wako, alitutumia neno kutoka Kabonga. Kuna watu wa Ujiji wamekuja kumtaka Esha, na bwana arusi wao wamekuja naye, si kama sisi wenye bwana arusi wa kusikika tu. Mzee akasema amengoja vya kutosha. Wakili wako asipofika kabla ya sala ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini anamwozesha huyo mwingine. Asmani, niliketi chini kama niliyepigwa! Nilimwona yule mtoto mara moja tu, nikampenda, na wewe tangu umwone hukuandika barua isiyomtaja.

Kwa miguu tusingefika. Kwa mtumbwi, kusi la mwezi huu lingeturudisha nyuma. Basi shemeji yako Feruzi, ambaye siku hizi ndiye mwangalizi wa mashua ya mashine ya tajiri mmoja wa Usumbura, akaenda kumwomba tajiri wake. Tajiri akampa mashua kwa safari hiyo moja. Alfajiri ya Ijumaa tukapakia mitungi ya mawese ya kupeleka ukweni, maana unajua posa ya pwani hii bila mawese ni maongezi tu, tukaondoka: mimi, Feruzi, na baba mdogo Mustafa aliyekuwa wakili wako.

Tulikwenda kwa raha mpaka mbele ya Kigwena. Hapo Feruzi alipita karibu mno na ufuko akikwepa mawimbi, na lile bomba linalonyonya maji ya ziwa kuipoza mashine likazibwa na majani. Sisi hatukujua. Tulisikia harufu, kisha mvuke, kisha mashine ikakohoa na kunyamaza. Ukiigusa unaacha ngozi. Jua linapanda, Kabonga iko mbali, na mkeo anavalishwa kwa ajili ya mtu mwingine! Nililia, sikufichi.

Feruzi akazibua bomba, akaiacha mashine ipoe. Kisha akachovya kidole kwenye mafuta yake, akayasugua, akanusa. Yalikuwa meusi, mepesi kama maji, na yananuka kuungua. Akasema lazima yatolewe yatiwe mengine. Baba mdogo Mustafa akaja juu.

"Wewe Feruzi, umekulia wapi? Mafuta ikichemuka haiharibike, ndiyo inaiva! Muulize bibi yako, anachemusha mawese kila siku."

Kweli nachemsha. Lakini mawese yaliyoungua chunguni nayajua pia, yanakuwa machungu, hata mbwa hali, namwaga. Nikasema hivyo. Baba mdogo akanitazama kama niliyeuza nyumba ya baba yake, lakini mafuta tukayatoa.

Sasa sikia balaa. Debe la mafuta ya akiba lilikuwa na mafuta kidogo, hata nusu ya haja hayafiki. Tukatazamana. Kisha sote watatu, bila kuambizana, tukaitazama mitungi ya mawese.

Usinicheke! Huku kwetu mawese ndiyo dawa ya kila kinachokwama: bawaba ya mlango, ngozi ya ngoma, mgongo wa mtoto mwenye homa. Nani angefikiri mashine ni mtu wa tabia nyingine? Tukamimina. Feruzi akazungusha mkono wa kuiwasha, na Asmani, ikawaka! Ikaenda kwa sauti laini, na moshi wake ukanukia samaki wa kukaanga. Mpaka tunakaribia Nyanza baba mdogo alikuwa anadai chakula.

Tulifika Kabonga shehe bado yuko kwenye hotuba. Baba mdogo alipanda ufuko mbio, kanzu imejaa madoa mekundu, akaingia msikitini akiwa anahema. Wale wa Ujiji walikuwa safu ya mbele, wamejifukiza udi. Baada ya sala mzee Maneno akasema ahadi ni ahadi, wakili wa kwanza amefika. Kisha, nyumbani kwake, akafungua mitungi.

"Mbona nusu?"

Feruzi akainamisha kichwa. "Ingine iko mu mashine, muzee."

Nilikuwa ndani na wanawake, nikajua tumekwisha. Mara nyuma ya pazia Esha akaangua kicheko, cheko la machozi, mpaka mashangazi zake wakamfinya. Na baba yake akashindwa kujizuia, akacheka naye. Shehe alipotuma watu kumuuliza kama anakubali kuolewa na Asmani, hakungoja kubembelezwa kama mabibi arusi wengine. Alisema ndiyo kabla hawajamaliza jina lako. Kwa hiyo sasa jua: umeoa! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na hivi nakuandikia bado naongea kama chura.

Jumamosi asubuhi palikuwa na baridi, na mawese yakaganda ndani ya mashine, mazito kama ugali. Feruzi akashinda kutwa akiyayeyusha kwa maji moto, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akapata mafuta ya mashine kwa mfanyabiashara wa Nyanza. Jana tumerudi, polepole lakini tumefika. Tajiri hajui bado kilichoipata mashine yake. Basi tuandikie upesi wewe unayeshinda na mashine: ikichemka, mafuta yake yabadilishwe au yaachwe? Feruzi anasema kama yananuka kuungua au yamechanganyika na maji yatoke, la sivyo zibua kwanza kilichoziba. Baba mdogo bado anasema yalikuwa yameiva, na hawasemezani.

Mama, Feruzi, Mwamini wa jirani na baba mdogo Mustafa wanakusalimu, kila mmoja kwa mdomo wake. Wasalimie wenzako wote wa kazini. Mungu akulinde na moto wa hilo gari, akujalie nyumba yenye kicheko.

Na huu ni ujumbe wa mkeo. Tulipokuwa tunaondoka alikuja mpaka majini, akanishika mkono. Hakuwa anacheka tena. Akasema, "Wifi, muambie aje yeye mwenyewe. Asitume mashine."

Njoo, Asmani.

Mimi dada yako nikupendaye sana,
Mwasiti