Cherehani Inalia, Lakini Sishoni

Mpendwa Mama Clémentine, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, na jina langu tafadhali usiliandike. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Bertrams, nimeolewa miaka tisa na Fiacre, mlinzi, mtu mwema kabisa isipokuwa ana ugonjwa wa mbio za magari za kwenye kompyuta. Mwaka jana alileta kisanduku cha mtandao chenye matundu matano, akavuta waya ya buluu kupitia dirishani, juu ya kamba yangu ya kuanikia nguo, hadi chumba cha Balthazar, jirani yetu na rafiki yake tangu Bujumbura, ili kila Jumamosi mchana washindane kila mtu akiwa kwake, na kisanduku akakiweka chumbani ninaposhonea, sasa mimi nikaona matundu matatu yamekaa bure na kompyuta ya zamani ya watoto ipo, eish, Mama, shetani alinipitia, nikachomeka.

Nilijipa jina Mgeni. Siku ya kwanza niligonga kila ukuta, siku ya tatu nikampita Fiacre, na tangu hapo hajanishinda hata mara moja, na ili asishtuke mguu wangu wa kushoto unaendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa, yeye huko sebuleni anasikia inalia anajua mke yuko kazini, kumbe niko kona ya mwisho namwachia vumbi. Nilikuwa nacheka peke yangu, maana huyu ndiye aliyekataa kunifundisha kuendesha gari letu, ati mwanamke hana macho ya barabara.

Sasa kicheko kimekwisha. Fiacre ameshikilia kwamba Balthazar anamficha bingwa fulani wa mtaa wa Turffontein chumbani kwake ili amwaibishe, Balthazar ameapa hakuna mtu, wiki ya pili hawasalimiani, na Jumapili hii Fiacre ndiye wa kumsimamia binti wa Balthazar kwenye ubatizo. Jana kaniambia, "Sisimami kanisani na mwongo," nami nikaendelea kumpakulia ugali. Nikisema, ataona nimemfanya mjinga mwaka mzima. Nifanyeje?

Fundi Asiyetajwa

Fundi, umeficha jina lako halafu umetaja la mumeo, la jirani, na rangi ya waya. Bertrams nzima imeshakujua, kwa hiyo ungama kabla gazeti hili halijamfikia.

Nimecheka hadi chai imenimwagikia, na huyo bwana wa macho ya barabara alistahili vumbi kidogo. Lakini Balthazar amekukosea nini? Mwenzio anaitwa mwongo kwa ajili yako, mtoto anakaribia kukosa msimamizi, wewe unapakua ugali. Hapo sicheki, nakugombeza.

Usimweleze kwa maneno, atadhani unamtetea jirani. Jumamosi mwite Balthazar kwenu, hata kama watanuniana. Toa kompyuta yako chumbani, iweke sebuleni mbele yao, andika hilo jina Mgeni, umshinde mumeo wote wakitazama. Kisha omba msamaha, na uanze na Balthazar. Fiacre atanuna. Mwache anune, ila Balthazar asiondoke kabla Fiacre hajamwomba radhi, maana siri ilikuwa yako lakini tusi lilikuwa lake.

Mkitoka kanisani Jumapili, mwambie akupeleke kwenye uwanja mtupu akufundishe gari. Barabarani taa ya robot ikiwa nyekundu utasimama, hatusukumi mtu ukutani kama kwenye kompyuta. Na huo mguu wa kushoto uliokanyaga bure mwaka mzima, sasa upewe klachi.