Jina la Kipaimara la Nthoki

Jumamosi, 23 Agosti

Leo nimefukuzwa darasani! Mimi! Katekista Shiundu amenitoa nje kama mbuzi aliyeingia jikoni.

Watoto wa kipaimara waliniuliza askofu atawafanya nini. Nikawaambia ukweli: atakupaka mafuta kwenye paji la uso, kisha atakuzaba kofi la shavu, ujue imani ina maumivu. Mimi nilizabwa kule Machakos nikiwa rika la mjukuu wangu Nthoki, na sikulia. Basi nikawapanga wawili wawili wazoee. Kijana mmoja akauliza, "Shosh, kwani bishop ni bondia?" Kufumba na kufumbua darasa lote ni makofi, wengine wanalipiza ya mwaka jana.

Shiundu akaja mbio. Ati kofi liliondolewa zamani, kabla yeye hajazaliwa. Na mbona hakuna aliyeniambia?

Lakini vipaji saba vya Roho Mtakatifu wanavijua. Hiyo ni kazi yangu. Shule sikuenda, nilivishika kwa kichwa, na kwa kichwa ndivyo ninavyowapa. Jumamosi ijayo narudi. Atanizuia?

Jumatano, 27 Agosti

Nthoki amechagua jina la kipaimara. Mimi nilikuwa nimeshampa Perpetua, jina langu. Nimemlea hapa Ziwani tangu mama yake ahamie mtaa wa Fedha kwa kazi ya ukarani. Hata herufi hizi ni Nthoki aliyenifundisha, kwa vipande vya chaki alivyookota shuleni. Nani mwingine angempa jina?

Akasema, "Susu, nyanya yangu, nataka Monika."

Monika ndilo jina nililombatizia mama yake, binti yangu Ndanu. Mwaka jana Ndanu akaokoka kwenye kanisa la hema, akazamishwa upya majini, jina akalitupa — ati majina ya watakatifu ni mambo ya sanamu. Tangu Pasaka hajakanyaga kwangu. Siku hiyo nilimuuliza mbele ya wapangaji wote maji yangu ya kwanza yalikuwa na kasoro gani.

"Mama alilitupa," Nthoki akasema. "Mimi naliokota."

Nikarudi kwa sufuria. Muthokoi wa kuuza, mahindi na maharagwe, ukaungua. Wateja wamekula hivyo hivyo, na aliyelalamika nimemwambia apike kwake.

Jumapili, 31 Agosti

Makubwa! Nthoki amesema mama yake asipokuja kanisani siku ya kipaimara, Jumapili tarehe 14, yeye hatapokea. Hakulia, hakununa. Alisema tu, akikunja sare ya shule. Hiyo ndiyo inanitisha.

Nikamwambia utasimama mbele ya askofu, nitakusimamisha mwenyewe.

"Susu, kunisimamisha unaweza. Kunifanya niseme Amina huwezi."

Huyu amefanana na nani? Na mimi, bila shaka!

Nikakimbilia kwa Shiundu anisaidie kumtisha. Amekataa. Mtoto asiyetaka hasukumwi, angoje mwaka mwingine. Mwaka mwingine! Ndanu atakuwa ameshamzamisha.

Falis wa mlango wa pili, anayeuza mitumba Gikomba, ndiye msimamizi wa Nthoki, wa kumshika bega mbele ya askofu. Nilidhani atanihurumia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Ndanu, kichwa chako ni kigumu kama mpingo wa wachongaji wenu Wakamba. Enda Fedha ukambembeleze mtoto wako."

Kubembeleza! Mimi! Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeenda Fedha. Nyumba ni safi, siwezi kusema uongo. Ukutani hakuna hata msalaba.

"Mwaitu, mama yangu, kaa," Ndanu akasema. Chai. Mkate.

Nilianza vizuri. Nikasema mtoto anakutaka siku yake. Akasema hawezi kuinamia sanamu. Nikasema nani amekuambia uiname, simama wima kama mlingoti! Akasema Jumapili hiyo yeye ndiye anaongoza waimbaji. Nikauliza kama Mungu wao hawezi kuimbiwa na mtu mwingine. Hapo nikaharibu.

Akatazama kikombe. "Mwaitu, umekuja kuniita ama kunipiga?"

Lile jina lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nthoki alinikataza: usimwambie, alisikie mwenyewe likiitwa. Kama ningelisema, angekuja? Ama angefunga mlango kabisa? Nikameza chai ya moto, ikanichoma koo. Afadhali.

Nikasema, "Nakuomba." Neno hilo sijawahi kumpa mtoto wangu yeyote. Lilitoka kama mfupa wa samaki.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alinisindikiza hadi steji ya matatu, na tukivuka barabara alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Ijumaa, 12 Septemba

Watoto wameungama. Gauni jeupe limepigwa pasi. Ndanu kimya. Nimeangalia simu mpaka chaji ikaisha. Nimefagia, nimepika, nimegombana na kuku wa jirani. Nthoki ananiangalia tu.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kanisani, benchi la nyuma, karibu na mlango. Mama wa mbele amegeuka kunikazia macho. Ageuke tena! Mikono hii isipoandika itafanya ubaya.

Ndanu amekuja! Lakini yuko nje ya geti. Nimetoka kumwona. Amevaa vizuri, kitambaa kichwani, Biblia kwapani. "Mwaitu, mimi mwisho wangu ni hapa."

Hatua chache tu, zingemuua? Sikusema. Nikamnyoosha kitambaa, nikarudi ndani.

Nthoki kwenye foleni akanigeukia. Nikaenda hadi kwake, watu watazame wakitaka. "Yuko getini. Haingii. Sitakudanganya."

Kisha akauliza, "Pale alipo, anasikia?"

Sikuwa nimefikiria! Juu ya geti kuna spika, na leo haijatoa hata kikohozi. Nikamvuta Shiundu kanzu. Ati ibada inaendelea, Shosho subiri kidogo. Nikamwambia kama haendi, nitapanda huko juu mwenyewe na viatu vyangu. Ameenda. Mbio!

Foleni inasogea. Falis ameshamwekea mkono begani. Askofu anamwita kila mtoto kwa jina lake jipya, "upokee mhuri wa Paji la Roho Mtakatifu." Wengine wanaitika Amina kwa sauti, wengine kama panya.

Wawili mbele yake. Nthoki haangalii altare, anaangalia mlango.

Spika ya nje imekoroma — imenyamaza — imekoroma tena. Sauti ya askofu iko barabarani! Kutoka hapa namwona Ndanu ameinua uso.

Mmoja mbele yake. Nthoki ameisikia pia, ameigeukia altare: Monika litasikika hadi getini.