Gari la Baba Linaporudi Nyuma

Kitura, Mbinga
Jumanne

Kaka yangu mpendwa Baltazar,

Shikamoo, Kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na wifi Luisa, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimetulia. Sisi huku tunapumua. Baridi ya Umatengo mwaka huu haina adabu, inamfuata mtu hadi ndani ya blanketi, lakini jua likitoka kahawa inakauka vizuri na ua mzima umejaa vichanja. Mama bado yuko ziwani, Mbamba Bay, anamuuguza mama mdogo Ottilia ambaye mguu wake haujapona. Baba ni mzima. Angekusalimu, ila hajui kwamba nakuandikia.

Kabla hujaruka mistari kulitafuta jina lake: Glorious wenu ni mzima. Hana hata mkwaruzo. Sasa hivi yuko sakafuni karibu na miguu yangu, anamlisha paka ugali. Nimeliandika hilo mapema ili uyasome yanayofuata kwa utulivu, ingawa mimi mwenyewe utulivu huo sina. Tangu Jumapili nikisikia kitu chochote kinalia, hata simu ya jirani, natoka mbio kumtafuta alipo.

Sikukupigia simu kwa makusudi. Wewe ukisikia jambo nusu humpigia Baba papo hapo, na Baba hupokea simu kwa spika katikati ya ua, Kitura nzima ikapata habari yake. Tena kuna mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nayaharibu. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu Othmar, ambaye kesho anapeleka kwa lori makaa ya mawe ya Ngaka huko bandarini kwako. Jambo lenyewe linahusu gari la Baba, na lazima liamuliwe kabla ya Jumamosi. Siku hiyo Baba ameahidi kuwabeba watoto wa Komunyo ya Kwanza wa jumuiya yetu kwenda parokiani kwa mazoezi. Watajaa hapa uani tangu asubuhi, wao na wadogo zao.

Unakumbuka mwanzo wa haya. Mara tu baada ya wewe kumletea gari, Baba aliweka rivasi akaangusha kichanja cha jirani yetu Urbani, kahawa ikamwagika hadi barabarani. Urbani alisema kwamba kama Mzee anataka kahawa yake aje na debe, asije na bampa. Watu walicheka, Baba hakucheka. Ndipo nilipokuomba ruhusa tulifunge gari sensa za nyuma, zile zinazolia gari likikaribia kitu, nawe ukakubali.

Fundi Nazari wa Mbinga mjini ndiye aliyezifunga. Alitoboa bampa matundu manne, akavuta waya hadi kwenye taa ya rivasi, akaweka kipaza sauti kidogo karibu na usukani. Baba alisimama pembeni muda wote kama mtu aliyempeleka mgonjwa wake kwenye upasuaji. Nazari alitaka kuongeza na kioo cha kamera, Baba akakataa, akasema hawezi kurudi nyuma huku akitazama televisheni. Kwa hiyo ikabaki sauti peke yake: ti, ti, ti, kadiri kitu kinavyokaribia ndivyo inavyoharakisha, na ukikaribia kugonga inakuwa mlio mmoja usiokatika. Tulipofanya majaribio Nazari alisimama nyuma ya gari na ndoo, Baba kwenye usukani, Mama kando yake. Nazari akauliza kama Mzee anasikia. Baba akajibu kwamba anasikia hadi inamkera. Sote tukaridhika, nami nikakutumia ujumbe kwamba sasa unaweza kulala.

Na kweli tangu hapo hakugonga kitu. Alisimamisha gari shubiri moja kutoka ukutani, kwa ustadi ulionishangaza. Kitu kimoja tu kilibadilika: Mama hakumwacha tena aende peke yake. Hata akipeleka gunia la mahindi mashineni, Mama aliacha maharage jikoni akakimbilia kiti cha mbele. Urbani akamtania kwamba siku hizi amekuwa konda wa mumewe, na kwamba tunasubiri kumwona akining'inia mlangoni. Mama akamjibu kuwa kazi ya konda ni moja tu ngumu, kumvumilia dereva. Mimi nilidhani ni mapenzi ya uzeeni. Niliwaonea hata wivu kidogo.

Sasa Jumapili. Baba alikuwa amevaa shati lake la misa, anatoa gari uani kwenda kigangoni. Mimi nilikuwa barazani nafunga kamba za viatu. Nilisikia sensa zikianza, nikawaza kwamba zimeona kichanja. Zikaharakisha. Nikainua macho. Glorious alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari anaokota punje za kahawa zilizoanguka, mdogo vile alivyo, chini kabisa ya kioo cha nyuma. Mlio ukawa ule mmoja usiokatika na gari bado linamwendea, polepole, bila wasiwasi wowote. Niliita kwa nguvu zangu zote. Baba hakugeuka. Nilimwona usoni, Kaka. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeko kwenye chumba kisicho na kelele.

Nilikimbia nikapiga boneti kwa viganja vyote viwili. Akakanyaga breki. Glorious aliinuka na punje zake mkononi, akanionyesha, anacheka. Baba akashusha kioo kwa hasira, akaniuliza nimepatwa na nini hata nilipige gari lake kama nampiga mwizi. Nikamnyooshea kidole mtoto. Alimtazama kupitia kioo cha pembeni. Kisha akasema kwamba yule Nazari ni tapeli, sensa zake zimekufa, hazikulia hata kidogo.

Zilikuwa zinalia wakati anasema maneno hayo. Rivasi ilikuwa bado ndani, na mimi nilikuwa nimemwinamia dirishani nikizisikia hadi kwenye meno.

Nilimkabidhi Glorious kwa mke wa Urbani, nikarudi. Nilimwomba Baba abaki ndani ya gari, aweke rivasi akiwa amekanyaga breki, na ainue mkono kila atakaposikia sauti. Nilienda nyuma na ndoo. Niliisogeza, nikaiondoa, nikaisogeza tena hadi ikagusa bampa. Mkono wa Baba haukuinuka. Mikono yote miwili ilikaa juu ya usukani. Nilipokwenda dirishani hakunitazama.

Akaniambia mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Zile sensa hajawahi kuzisikia, tangu siku ya kwanza. Ni Mama. Mama huweka mkono juu ya paja lake; sensa zikianza humgonga kwa kidole, zikiharakisha naye huharakisha, na ule mlio mrefu ukija humfinya. Hata siku ile ya Nazari ilikuwa hivyo. Wamekuwa wakiendesha gari lile watu wawili, nasi tukamsifu mmoja.

Ni mashine ya kusaga, Kaka. Maisha yake yote amesimama kando ya ile dizeli, na huwafundisha vijana kuitambua beringi mbovu kwa kuweka kiganja juu ya chuma. Imemlia zile sauti nyembamba na kumwachia nene. Kidato cha tatu nawafundisha sikio kila mwaka, nawachorea ubaoni ile sehemu ya ndani inayofanana na konokono, naeleza jinsi kelele inavyoiharibu kuanzia kwenye sauti za juu. Kisha narudi nyumbani nakula meza moja na baba yangu. Ngurumo ya lori anaisikia. Wewe anakusikia, na padre, na Urbani. Asiowasikia vizuri ni Mama, mimi, na mtoto. Nimelala nikiyapanga upya mambo mengi. Zile jioni nilipokuwa namsimulia ya shule naye anatazama mlango, hadi nikajifunza kunyamaza na kuyaandika. Nilikwenda chuo kikuu nikiamini kwamba binti hana neno mbele yake. Sijui sasa niziweke wapi hasira zile, maana nimezikalia miaka mingi.

Baba aliniomba nisikuambie. Alisema Baltazar alimnunulia gari kwa jasho lake, na ukijua kwamba dereva ni mbovu utaona umetupa mali porini. Alisema pia kwamba watu wa jumuiya wamezoea kumwona akiwabebea wagonjwa, na siku atakapobebwa yeye atakuwa gunia. Nilimwahidi, Kaka. Nilimshika mkono nikamwahidi kwa jina la Mungu, na barua hii ndiyo kuivunja ahadi hiyo. Mama nilipompigia hakukana. Alisema basi na wewe umejua, na kwamba mbele Baba anaona kama mwewe, ni nyuma tu, na nyuma yupo yeye. Nilimuuliza Jumapili alikuwa wapi. Ni neno baya kumwambia mama, najua. Alilia, nami nikakata simu kwa sababu nilikuwa nalia pia.

Nilimsihi Baba aache gari hadi Mama arudi. Akasema ahadi ya watoto wa Komunyo haiahirishwi, na kwamba nitakaa mimi kiti cha mbele nimgonge paja. Siwezi. Mkono wangu utachelewa mara moja tu, na mara moja inatosha. Kumnyang'anya funguo nako siwezi, wala Mama hawezi. Unajua kwetu: alichopewa mzee na mwanawe, ndugu mwingine hakigusi. Aliyempa ndiye anayeweza kuja, akakaa naye, akasema Baba, tulitumie hivi. Labda tumtafutie dereva, yeye akae mbele kama bwana. Labda vifaa vya masikio, nitauliza hospitali Songea. Lakini lazima aambiwe na wewe, uso kwa uso, kwa hiyo sauti yako nzito, asilazimike kuuliza mara mbili.

Sasa nalifikia nililolifanya. Jana alfajiri, kabla hajaamka, nilifungua kisanduku cha fyuzi ambacho Nazari alinionyesha alipokuwa anapitisha waya zake, nikachomoa fyuzi ya stata. Iko kwenye kopo la chumvi. Gari si bovu. Akikupigia akakuambia limekataa kuwaka, usitume fundi, tafadhali, wala usimpe pole.

Leo asubuhi alijaribu tena. Aliingia, taa za dashibodi zikawaka kama kawaida, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Nilikuwa nageuza kahawa kwenye kichanja, nikijua kwamba mtu wa mashine kama yeye akifungua boneti na kufuata waya kwa kidole hatachukua muda kugundua. Hakufungua. Aliniita. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akazungusha ufunguo mara nyingine huku akinitazama midomo, akaniuliza: halilii, au ni mimi?

Nikamwambia halilii, Baba.

Akauliza kama nina hakika, hata kidogo? Nikasema hata kidogo. Basi akacheka, Kaka. Aliegemea kiti akacheka kwa furaha, akapiga usukani, akasema kumbe bovu ni gari hili, si yeye, na akaenda kunywa chai bila kuangalia chochote. Chai yote aliinywa akitabasamu. Mimi nilibaki pale uani na mikono ya kahawa, nikaona kwamba hakuna jambo baya kuliko hilo nililowahi kumtendea.

Njoo kabla ya Jumamosi. Omba ruhusa kwa sababu yoyote utakayoona inafaa.

Msalimie sana wifi Luisa, mwambie binti yake ameanza kuhesabu na anaruka saba. Othmar umpe maji ya kunywa na umruhusu apumzike, maana atataka kugeuza siku hiyo hiyo. Mungu akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Emiliana