Saruji ya Shimo la Tatu

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Nimehesabu saruji stoo. Mifuko tisa, mmoja umechanika. Panya tena. Nje mtambo wa kuchimba unanguruma tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya mafaili. Mashimo sita marefu, mabomba ya kupozea ofisi yapite ardhini, joto lishuke chini na wakubwa wakae kwenye ubaridi. Ndiyo soko huria: kampuni binafsi kutoka Dar, wafadhili wanalipa, sisi tunapiga makofi. Zabuni niliiandaa mimi, Afisa Ugavi, kwa kunakili mfano wa wafadhili. Wiki mbili kwenye taipureta. Mgongo bado unauma.

Jumatano, 6 Septemba

Shimo la tatu limetoa maji! Matamu, si ya magadi. Akina mama wa zahanati ya jirani walikuja mbio na ndoo, mmoja tumbo liko mbele, miezi tisa kabisa. Pale mjamzito hapokelewi bila ndoo mbili za maji, na maji yenyewe ni ya kufukua mchangani mtoni. Nesi Minza alinikumbatia nikalowa. Nimecheka leo.

Alhamisi, 7 Septemba

Shimo litazibwa. Eti mkataba. Kila shimo likishatiwa bomba lijazwe saruji mpaka juu, yawepo maji yasiwepo. Nikamwambia mhandisi wa kampuni huo ni wendawazimu. Akanifungulia kifungu chenyewe. Nilikipiga taipu mimi! Mimi, mtoto wa Bariadi, niliyekua nikifukua mchanga wa mto na kuchota kwa kibuyu, nimenakili sheria ya watu wanaofungua bomba jikoni, wala sikuisoma mara mbili. Nina hasira na mhandisi, nina hasira na wafadhili, lakini yule mwanamke wa kwenye kioo ndiye ningemzaba kibao.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimeingia kwa Bosi na barua: tuzibe matano, la tatu tuwaachie zahanati. Mhandisi akakiri mbele yetu kuwa matano yanatosha, ila ofisi itachelewa kupoa. Itachelewa kupoa! Bosi akajifuta jasho akasema, "Kabula, wewe ni ugavi, si maji." Tena eti wafadhili wakikuta shimo limepungua tutaaibika. Nikatoka bila kuaga. Wanawake wajifungulie kwenye uchafu ili jasho la Bosi likauke mapema. Pumbavu zao.

Jumatatu, 11 Septemba

Kampuni imeishiwa saruji. Wameziba mawili, sasa wanataka kuazima kwangu wazibe la tatu. Hapa saruji haitoki bila sahihi yangu. Nikawaambia fomu haina muhuri. Wakaleta muhuri, tarehe imekosewa. Wakarekebisha tarehe, mimi huyo nikaenda kula. Ugali na mlenda, taratibu, tonge kwa tonge.

Bosi akanifuata mpaka mlangoni, mbele ya wahudumu. Akanikumbusha kuwa orodha ya wanaopunguzwa kazini haijafungwa. Nina watoto watatu, na baba yao alishajiendea zake Mwanza. Ninaogopa. Niseme ukweli.

Jumanne, 12 Septemba

Kanuni za stoo, ukurasa wa pili: mifuko chini ya kumi, sahihi ya Afisa Ugavi inatosha. Nesi Minza akaleta maombi ya zahanati. Muhuri upo, tarehe sawa. Nikatoa mifuko yote tisa, pamoja na pampu ya mkono iliyokuwa inaota kutu nyuma ya matairi. Masunga, fundi mchimbaji, analipwa na kampuni, lakini dada yake anajifungulia pale pale. Aliifunga pampu kwenye shimo la tatu na kumwaga sakafu ya saruji mchana kweupe, mhandisi akiwa Maswa anatafuta saruji. Mayu mmoja, mama mwenye ndoo kichwani, akapiga vigelegele. Nikamwambia anyamaze, halafu nikapiga mimi.

Alhamisi, 14 Septemba

Barua. Nimepunguzwa. Mistari minne, na jina langu wamelikosea. Miaka kumi na moja! Bosi hakunitazama usoni. Nikabwaga funguo mezani, glasi yake ikaanguka. Sijutii. Nimelia njiani kwa hasira, watu wananisalimia "mwangaluka" nawapita tu.

Pampu hawajaigusa. Nani ataing'oa mbele ya wajawazito, na uchaguzi ni mwezi ujao?

Jumapili, 24 Septemba

Nimetoka kanisani nikapitia shimoni na ndoo. Foleni ndefu, nikasimama mwisho. Kesho naanza kuuza nyanya sokoni. Sina raha nako, ila ndiyo hivyo.

Likaja gari la ofisi. Dereva akashusha madumu manne ya nyumbani kwa Bosi, akaelekea moja kwa moja kwenye pampu. Akaniona. Nikamwonyesha tu kwa kidole foleni inapoishia. Akayabeba madumu yake, akaja akasimama nyuma yangu.